Anayehama nyumba apunguze tangi la samaki wa baharini mapema

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo linalotugusa sisi wachache tunaofuga samaki wa baharini hapa Dodoma, kilomita zipatazo 450 kutoka pwani. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, mji wetu umekuwa mji wa watu wanaohama. Mtu hufika akapanga Area C au Kisasa, baada ya mwaka akasogea Nkuhungu, kisha akajenga Iyumbu, Ihumwa au Mtumba na kuhamia kwake. Miongoni mwao wamo waliokuja na matangi ya kioo ya maji ya chumvi kutoka Dar es Salaam, na wamo walioanzia hapa hapa. Siku ya kuhama ikikaribia, kila mmoja wao ana njia mbili: kulihamisha tangi lote kama lilivyo, au kulipunguza kwanza hadi libaki dogo linalobebeka. Ninawasihi waifuate njia ya pili, na waianze miezi mitatu kabla ya tarehe ya kuhama, kwa sababu tangi linalopunguzwa katika wiki ya mwisho haliwi limepunguzwa, linakuwa limebomolewa.

Njia ya kwanza naijua kwa kuwa niliipita mwaka 2021. Nilikuwa nimepanga Area D, nina tangi la lita 200 lenye samaki saba, kamba mmoja na matumbawe laini niliyoyapata yakiwa vipande vidogo kutoka kwenye tangi la mfugaji mwenzangu. Mwenye nyumba alinitaka nitoke ndani ya siku saba ilhali kodi yangu ya miezi sita ilikuwa haijaisha, nami nikakubali bila kuomba hata wiki mbili za nyongeza, jambo ninalolijutia hadi leo. Asubuhi ya kuhama tulichota maji kwa ndoo, tukatoa mawe, kisha vijana wanne wakalinyanyua tangi likiwa na mchanga wake ndani na kulipakia kwenye kirikuu. Mchanga ule ulikuwa umekaa miaka miwili bila kuguswa. Barabara ilipoutikisa ulianza kutoa harufu ya mayai yaliyooza, nami kwa haraka niliyokuwa nayo nikaichukulia harufu ile kuwa ni uchafu wa kawaida, nikamimina maji juu yake na kuwarudisha samaki. Umeme katika nyumba ile mpya ulikuwa umekatika tangu saa nne asubuhi, kwa hiyo pampu zilikuwa zimesimama na maji yalikuwa yametulia kama ya mtungini. Ilipofika saa mbili usiku nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, nimeshika tochi ya simu, nikiwatazama samaki watano kati ya saba wakiwa wamelala ubavu juu ya mchanga. Matumbawe yaliyozoea kufumbuka kila asubuhi kama vidole vya mtoto mchanga yalikuwa yamegeuka ute mweupe unaoning'inia kwenye jiwe. Waliosalia ni samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, dume na jike, na ni kwa ajili yao hasa kwamba safari hii nimeamua kufanya mambo kwa utaratibu mwingine.

Asiyefuga hudhani kwamba uhai wa tangi umo ndani ya maji, ndiyo maana watu hutaabika kubeba kila lita ya maji ya zamani kwa madumu na kuyasahau mawe juani. Ukweli ni kwamba bakteria wanaolifanya tangi likalike wamejishikiza juu ya mawe na juu ya chembe za mchanga, na ni wachache tu wanaoelea majini. Bakteria hao huigeuza amonia inayotoka kwenye kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo ikiwa kidogo haina madhara makubwa. Tangi jipya huhitaji kama wiki nne hadi sita ili jeshi hilo lijijenge. Mawe yakikauka, au yakikaa saa nyingi katika ndoo isiyo na hewa, bakteria hufa, nao wenyewe huoza na kuongeza amonia ile ile waliyopaswa kuimaliza. Maji ya bahari yana pH, yaani kipimo cha uasidi, ya takriban 8.1 hadi 8.4, na kwa hali hiyo sehemu kubwa zaidi ya amonia hubaki katika umbo lake la sumu kuliko ilivyo katika maji baridi yenye pH ya 7, kwa hiyo uzembe ambao sato wa bwawani huenda angeustahimili humwua samaki wa baharini usiku mmoja. Chini ya mchanga wa zamani, mahali oksijeni isipofika, hujikusanya gesi ya haidrojeni salfaidi, na hiyo ndiyo ile harufu ya mayai yaliyooza. Kwetu Dodoma kuna shida ya ziada ambayo mfugaji wa pwani haijui: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 12, na maji nayo hushika oksijeni pungufu kwa kiasi kama hicho, hivyo ndoo ya samaki iliyofunikwa huishiwa hewa huku haraka kuliko ambavyo ingeishiwa Kigamboni.

Mwaka huu ninahamia Ihumwa, kwenye nyumba yangu mwenyewe, na ninashuka kutoka lita 200 hadi lita 60. Maji peke yake katika lile tangi kubwa yana uzito wa kilo 205; ukijumlisha mawe, mchanga na kioo unakaribia kilo 300, mzigo ambao sebule yangu mpya inaweza kuubeba lakini mgongo wangu hauwezi tena. Pia kuna suala la maji, nalo limenisumbua dhamiri kwa muda mrefu. Maji yetu ya visima ni mazito kwa madini, hivyo hayafai kutiwa tangini kabla ya kupitishwa kwenye mashine ya kuchuja, na mashine ya nyumbani kama yangu humwaga lita tatu au nne ili kupata lita moja safi. Nayatumia yanayomwagwa kudekia na kusukumia choo, hata hivyo katika mtaa wenye mgawo wa maji ni vigumu kumtazama jirani aliyebeba ndoo kichwani wakati mimi najaza tangi la samaki.

Nilianza kwa kuacha kununua kiumbe chochote, kisha nikakaa na daftari nikaandika ni nani atakayeweza kuishi vizuri katika lita 60 na nani hataweza. Wa kwanza kuondoka alikuwa samaki mweusi mwenye madoa matatu meupe, niliyempata baada ya ule msiba wa 2021. Huyu huvutia sana akiwa mdogo, lakini akikua huwa mkali, na ndani ya tangi dogo angewatesa wenzake hadi wafe. Wa pili alikuwa anemoni, mnyama anayeshabihi ua, mwenye minyiri inayochoma, ambaye wale samaki wawili wa rangi ya chungwa walikuwa wakilala ndani yake kila usiku. Hapo nilisita kwa wiki nzima. Anemoni anahitaji maji mengi yasiyobadilika-badilika, akifa katika tangi dogo huoza haraka na kuua kila kilichomo, kwa hiyo sikuwa na sababu ya haki ya kumbakiza. Samaki wale wakiwa baharini hawawezi kuishi bila yeye, kwa kuwa ndiye ngome yao dhidi ya wanaowawinda. Ndani ya tangi lisilo na adui wanaweza. Nilichokataa ni kuwatenganisha wenyewe kwa wenyewe. Kwa jamii yao wote huzaliwa madume, na aliye mkubwa kuliko wote ndiye hugeuka jike. Jike akiondoka, dume aliyebaki hugeuka jike naye. Hawa wangu wamekaa pamoja zaidi ya miaka mitano na mpangilio wao umeshatulia.

Anemoni havutwi kwa mkono, kwa sababu mguu wake ukichanika mara nyingi haponi. Nilimtoa pamoja na jiwe lake, ndani ya ndoo yenye maji yake na pampu ndogo ya hewa ya betri, nikampeleka kwa mfugaji mwenzangu wa Kisasa mwenye tangi la lita 400 lililokomaa. Jioni ile samaki wangu walizunguka mahali lilipokuwa jiwe, wakashuka hadi kwenye mchanga, wakapanda tena, mpaka nilipozima taa. Baada ya siku nne walihamia chini ya tumbawe laini lililokuwa pembeni, na mpaka leo wanalala hapo.

Tumbawe hilo nalo nililipunguza. Ni la aina ya ngozi, limekaa kama uyoga wenye mapindo, na lilikuwa limekua hadi upana wa sahani. Nilivaa glavu na miwani, nikalitoa nje ya tangi na kuliweka kwenye bakuli la maji ya chumvi, kwa sababu likikatwa hutoa kemikali za kujihami ambazo huwadhuru jirani zake, nikalikata kwa wembe mpya vipande vinne. Niliwahi kusikia kwamba gundi ya supagluu inatosha kuvishikiza, nikaona mwenyewe kwamba haishiki kwenye ute. Kilichofaa kwangu ni uzi laini uliofungwa bila kukazwa, kipande juu ya kijiwe, na baada ya wiki mbili kila kimoja kilikuwa kimejishika chenyewe. Kimoja kimebaki nami, vitatu vimekwenda kwa watu wawili.

Naomba hapa niseme kwa mkazo kuhusu usafishaji wa mawe yanayobaki, kwa sababu ni suala la usalama wa familia. Wapo wanaotaka kuyasafisha mawe kwa kuyachemsha jikoni au kuyamwagia maji ya moto. Wasifanye hivyo hata kidogo. Matumbawe yale madogo yanayofanana na vifungo vya shati, yaitwayo zoantidi, ambayo mtu huyapenda kwa rangi zake, baadhi yake yana sumu kali mno iitwayo palitoksini, na mvuke wa maji yanayochemka juu yake umewahi kuwalaza hospitalini watu wa nyumba nzima katika nchi za nje. Jiwe lenye zoantidi hushikwa kwa glavu, macho yakiwa yamefunikwa, na halisuguliwi likiwa kavu.

Kisha ukafika mwezi wa pili wa kupunguza, ambao naamini ndio moyo wa kazi yote. Niliweka lile tangi la lita 60 kando ya lile kubwa, katika chumba kile kile, nikalijaza nusu kwa maji ya tangi kubwa na nusu kwa maji mapya yaliyochanganywa na chumvi maalumu ya matangi ya baharini (chumvi ya jikoni haifai, haina kalsiamu na magnesiamu ya kutosha), nikahamishia humo mawe matatu niliyoyachagua. Mchanga wa zamani sikuuchukua isipokuwa vikombe viwili vya juu juu, na mchanga uliobaki katika tangi kubwa nimekuwa nikiunyonya kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, robo kila wiki mbili, ili gesi iliyomo itoke kidogo kidogo. Kwa wiki tatu tangi dogo halikuwa na samaki. Nilipima amonia kila siku ya pili, na niliposoma sifuri mara nne mfululizo ndipo nikahamishia vipande vya matumbawe, kisha kamba na konokono, na mwisho kabisa samaki wawili. Mtu anayepewa funguo za nyumba mpya mapema anaweza kulianzishia tangi dogo huko huko, na ni vizuri zaidi, mradi awe na uhakika wa umeme na wa mtu wa kulitazama kila siku. Mimi nyumba yangu bado ilikuwa mikononi mwa mafundi, na vumbi la saruji na harufu ya rangi si vitu vya kuwekea kiumbe hai.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba tangi dogo ni rahisi kulitunza. Kinachokauka tangini ni maji matupu, chumvi hubaki. Tangi langu la lita 60 likipoteza lita moja na nusu kwa siku katika upepo mkavu wa Agosti, chumvi hupanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi karibu 36, na nikisahau siku mbili inafika karibu 37, wakati lile la lita 200 hata likipoteza lita tatu halivuki 35.6. Usiku wa Juni na Julai, hewa ya Dodoma inaposhuka hadi nyuzi 14, umeme ukikatika tangi dogo hupoa ndani ya saa chache, ilhali matumbawe yanataka nyuzi 24 hadi 27. Kwa hiyo nimeweka alama ya kalamu kwenye kioo kuonyesha usawa wa maji, najazia maji yaliyochujwa kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na nimenunua betri ya kuendesha pampu kwa saa nane.

Siku ya kuhama itakuwa fupi. Samaki hawatalishwa kwa siku moja kabla, ili wasichafue maji ya safari. Watasafiri katika mifuko ya plastiki yenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, ndani ya kreti lenye giza. Mawe yatafungwa kwa magazeti yaliyoloweshwa maji ya chumvi. Maji yatajaa madumu matatu. Tangi litabebwa tupu na watu wawili.

Sasa naomba niwaombe wanaohama wasiwe na haraka ya kumwaga. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na familia iliyokuwa ikirudi Mwanza, wakiniuliza kama wanaweza kuwaachia samaki wao katika Bwawa la Hombolo ili "wakaishi". Samaki wa miamba ya baharini akiingizwa katika maji ya Hombolo hufa, kwa kuwa mwili wake umezoea chumvi, na hiyo haiwi kuachiwa huru. Wanaodhani ni heri kuwarudisha baharini nao wakumbuke kwamba samaki aliyeishi tangini na viumbe vya kutoka nchi nyingine anaweza kubeba magonjwa yasiyokuwako pwani yetu, na kwamba gugu maji lililolisumbua Ziwa Victoria tangu mwisho wa miaka ya 1980 lilitoka Amerika ya Kusini na lilisambazwa duniani kwa uzuri wa maua yake. Familia ile niliisaidia kumpata mtu wa kuwachukua samaki wao, na kazi hiyo ilichukua jioni mbili tu za kupiga simu.

Maji yenyewe pia yasimwagwe ovyo. Lita 200 za maji ya bahari zina kilo saba za chumvi, na katika mkoa wa wakulima wa zabibu sidhani kama kuna anayetaka kilo saba za chumvi kwenye shina la mzabibu wa jirani. Ya kwangu nayamaliza kidogo kidogo kwenye shimo la maji taka pamoja na maji ya kufulia, kwa siku kumi.

Nimeulizwa kwa nini viumbe nilivyovipunguza sikuipa shule. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, na wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuiona bahari. Yuko mmoja aliyefika nyumbani, akaweka kidole juu ya kioo, na yule samaki jike akamfuata kidole kushoto na kulia mpaka mtoto akasahau kwamba alitumwa kuleta madaftari. Ningependa sana shule yetu iwe na tangi kama hilo. Lakini likizo ya Juni na ya Desemba hakuna wa kujazia maji, na umeme wa maabara huzimwa milango ikifungwa. Mpaka hayo yapate jibu, ni halali zaidi viumbe hivi viende kwa mtu ambaye tayari ana tangi lililokomaa. Kipande kinachokufa mikononi mwetu kwa uzembe huwa na mtu anayetamani kukirudishia kingine, na kingine hicho hutoka mahali fulani. Matumbawe ya pwani yetu yaliumia sana mwaka 1998 Bahari ya Hindi ilipopata joto kupita kiasi. Tunayo Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Sisi tunaoyapenda tunapaswa kuwa wa mwisho kuongeza mahitaji yake.

Lile tangi la lita 200 litakuwa tupu na limeoshwa kabla ya mwisho wa mwezi ujao. Ni zima, halivuji, na kibanda chake cha mbao kinakwenda nalo. Atakayelihitaji aandike kupitia kwako Mhariri, nami nitampa bila malipo, nikiomba tu anieleze kwanza atalijaza maji gani, nani atalitazama asipokuwapo, na ni lini anatarajia kuhama tena.

Ndimi msomaji wako,
Mwalimu wa Baiolojia,
Nkuhungu, Dodoma.